Mtafutie Mama Nyumba Angali Anaweza Kuchagua

Vijana wangu, kazi nimeiacha, lakini wasiwasi wa kazi umekataa kuniacha. Nikimwona mama mtu mzima amesimama kwenye roboti, kama tunavyoita huku taa za barabarani, taa imemruhusu kuvuka na bado havuki, moyo wangu unaanza kwenda mbio. Najiuliza: huyu ana watoto? Wameona? Wameshaanza kumtafutia mahali, au wanangoja? Kisha najikuta nami nimesimama pale pale, taa imebadilika, na madereva wa teksi wananipigia honi mimi.

Nimetunza wazee katika jiji hili la Johannesburg zaidi ya miaka ishirini, katika nyumba moja ya wazee upande wa mashariki. Nilitoka kwetu Uvira kama mkimbizi na binti yangu Neema, nikaanza kwa kupiga deki, nikaishia kuwa mlezi mkuu. Sasa magoti yamechakaa, naishi mtaa wa La Rochelle kwa Neema, na nimeingia katika umri wa wale niliokuwa nikiwaogesha. Naogopa, nawaambia wazi. Naogopa Neema atafanya walichofanya watoto wazuri wote niliowajua: atanipenda, ataniheshimu, na atachelewa.

Watu hunivuta pembeni kanisani. "Mama Neema, ni lini mtu anaanza kutafuta?" Wanauliza kwa sauti ya chini, utadhani wanatafuta dawa ya ugonjwa wa aibu. Kwetu ukitaja nyumba ya wazee, mtu anasikia kwamba unataka kumtupa mzazi. Mimi nawajibu hivi: anza wakati mama yako bado ana nguvu na akili za kukugombeza kwa sababu umeanza. Wanacheka. Mimi sicheki, kwa sababu nimewaona walioanza baadaye.

Lakini ngoja kwanza niwaambie nilivyofundishwa kazi. Mwanzoni nilijivunia sana heshima yangu. Kwetu mzee haguswi na kazi. Anakaa, analetewa maji ya kunawa, analetewa bugali, anavuliwa hata viatu. Basi nami nikawa nawafanyia wale wazee kila kitu. Niliwavalisha, niliwapakia siagi kwenye mkate, niliwachana nywele. Wenzangu walinicheka, nikasema hawa hawakulelewa. Asubuhi moja nilikuwa namfunga bibi mmoja vifungo vya sweta, akaingia Sista Nomsa, nesi aliyekuwa mkuu wetu, mama wa Kizulu mwenye mwili mkubwa na maneno machache. Alinichapa kofi dogo mkononi.

"Mikono yake ina kosa gani?" aliniuliza.

"Ni heshima, Sista."

"Heshima yako itamnyima vidole vyake. Na wewe itakufumba macho. Kama hajifungi vifungo mwenyewe, utajuaje siku atakayoshindwa?"

Nilimwona mama mwenye roho ngumu. Nilinuna mpaka chakula cha mchana. Ilibidi nimfahamu Mama Nabintu ndipo nielewe alichokuwa ananiambia.

Mama Nabintu alikuwa mjane wa Bukavu, tuliimba naye kwaya moja. Aliletwa huku na watoto wake watatu baada ya baba yao kufariki: Deo, fundi cherehani wa Yeoville, Aline, mwenye saluni hapa kwetu La Rochelle, na Pascal, mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Soweto. Watoto hawa walimpenda mama yao mpaka wakamgombania. Kila mmoja alitaka akae kwake, maana mzazi nyumbani ni baraka. Mwisho wakakubaliana zamu: mwezi mmoja kwa Deo, mwezi kwa Aline, mwezi kwa Pascal, kisha wanaanza tena. Mchungaji aliwataja mbele ya kanisa zima kama mfano wa watoto. Nasi tulipiga makofi.

Katika kila nyumba aliheshimiwa. Wakwe zake walimwita koko, yaani bibi, na walimzuia hata kubeba kijiko. "Koko, kaa tu, pumzika." Naye alikaa. Nyimbo za kwaya alizijua beti zote, na sala alisali bila kukwama, kwa hiyo nani angeshtuka? Mambo madogo yalikuwepo. Kwa Deo, alipokuwa anatafuta choo, alifungua kabati la nguo. Deo akasema, "Si alikuwa Soweto juzi tu? Bado hajazoea nyumba." Kwa Pascal, viatu vyake vilikutwa ndani ya friji. Mke wa Pascal akasema jikoni kwake si kama kwa Aline, mama amechanganya. Kwa Aline alimuulizia marehemu mume wake, na Aline akasema ni uchovu wa safari.

Mnaona ilivyokuwa? Kila nyumba ilikuwa na kisingizio, na kabla kisingizio hakijachakaa, mwezi umekwisha, mama amefungiwa sakoshi yake ya nguo, anahamia kwingine anakopewa kisingizio kipya. Wangeketi wote watatu wakasimuliana, wangejua. Lakini kila mmoja aliogopa kusema, asije akaambiwa kwamba nyumbani kwake koko hatunzwi vizuri. Na kwa kuwa hawakumpa kazi yoyote, hapakuwa na kazi ya kumshinda. Heshima ile ile ya mikono yangu kwenye vifungo vya sweta ilimficha mama yule kwa muda mrefu.

Mimi nilianza kuhisi siku tulipokuwa tunasafisha kanisa. Nilimpa ufagio, akaushika, akaugeuza, akanitazama nimwambie unatumikaje. Jumapili iliyofuata nikamwambia Aline, "Mwanangu, mpe mama yako majani ya sombe atwange, kisha umwangalie anavyoanza na anavyomaliza."

Aline alishika mdomo. "Mama Neema! Mimi nimutwangishe mama sombe? Watu batasema nini?"

"Mpe tu. Au mwambie akupikie chai."

"Sawa, mama. Tutaona."

Hiyo "tutaona" nimeisikia kwa watoto wengi, na ndiyo inayoninyima raha hadi leo, maana siku hizi naisikia nyumbani kwangu.

Ilikuwa Jumamosi, saluni ya Aline imejaa wateja, watoto wako kwenye televisheni. Simu yangu ikalia, ni Aline. "Mama Neema, mama haonekane! Mulango uko wazi na sakoshi yake haiko!"

Nikavaa viatu bila kufunga kamba, nikaenda kwa Aline. Kazini tulikuwa na namna yetu ya kumtafuta mzee aliyepotea: usikimbie huku na huku, jiulize kwanza alikuwa anakaa wapi zamani, maana huwa wanarudi nyumbani. Nikaketi kitandani kwa Aline nifikiri vizuri, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Huyu nyumbani kwake wapi? Yeoville? Soweto? Bukavu? Tulimpa nyumba nyingi mpaka akakosa nyumba. Na mjini huko angemwambia nani nini? Kifaransa chake kilikuwa kimekwisha kumtoka, na Kiingereza kidogo alichojifunza huku kilitoka kabla ya Kifaransa. Nimeona mara nyingi ugonjwa wa kusahau ukianza na lugha uliyojifunza mwisho. Alibaki na Kiswahili na Kishi cha kwao, katika jiji ambalo siku nyingine mtu akikusikia unaongea lugha ya mbali anakubadilikia uso.

Tulimpata alasiri Rosettenville, kwenye kituo cha mafuta. Vijana wanaojaza mafuta walikuwa wamemkalisha juu ya kreti kivulini na kumpa soda, Mungu awabariki. Sakoshi ilikuwa mapajani. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alimtazama Deo akiteremka kwenye gari akamwambia, "Umechelewa. Si ni zamu yako?"

Deo aliegemea lile gari akalia mbele ya watu.

Basi Jumatatu wakaja kwangu wote watatu. "Mama, tutafutie nyumba leo." Leo! Kwetu kazini nafasi hakuna, watu wanangoja mpaka kitanda kiwe wazi, na mnajua kitanda huwa wazi kwa njia gani. Nyumba ya pili ilitaka karatasi zake za ukimbizi, na muda wa karatasi ulikuwa umepita kwa sababu kila mtoto alidhani mwenzake ameshughulikia. Ya tatu, mbali upande wa magharibi, ilimpokea. Niseme ukweli, ilikuwa nyumba safi yenye watu wazuri. Ila hakuna aliyejua Kiswahili, na Mama Nabintu hakuwa na namna tena ya kuwaeleza yeye ni nani.

Akakataa kula. Chakula kinaletwa, anakitazama, anakunja mikono. Walezi walimlisha kwa kijiko, akafunga mdomo. Alikonda hadi pete ikawa inamtoka kidoleni. Daktari alipimapima, hakuona kitu. Kisha siku moja Aline akafika wakati wa chakula cha mchana, badala ya saa za wageni. Alimwona mama yake ameketi mbele ya sahani. Aline akachukua jagi la maji lililokuwa mezani na bakuli tupu, akamnawisha mikono, bila hata kufikiri, kama tunavyofanya kwetu sote. Mama Nabintu akajikausha vidole kwenye kitenge, akasali, akala sahani nzima.

Aline alinipigia simu akiwa ndani ya gari, hawezi kuendesha kwa kulia. "Siku zote zile alikuwa anangoja maji! Kwa nini hawakuniuliza?"

"Wangekuuliza nini, mwanangu? Hawakujua kwamba kuna swali."

Walezi wa kule walimnawisha tangu siku hiyo, na alikula. Lakini hakuwahi kupanga nguo zake kabatini. Kila asubuhi alizikunja akazitia kwenye sakoshi, akaketi karibu na mlango, na kila aliyepita alimuuliza, "Leo ni zamu ya nani?" Wapitaji walitabasamu, walidhani anawasalimu. Alifariki msimu wa baridi uliofuata, sakoshi ikiwa imefungwa.

Nisiwaache hapo, msije mkadhani kazi yangu ilikuwa msiba mtupu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja kwetu kwa miguu yake, mkongojo mkononi, binti yake nyuma akimbembeleza asiwasumbue watu. Chumba cha kwanza alikikataa kwa sababu dirisha lilitazama ukuta. Akachagua kile kinachotazama lile lundo kubwa la mchanga uliotoka mgodi wa dhahabu, akasema hiyo ndiyo kazi ya maisha yake. Maana alikuwa mwendesha mtambo wa kushusha na kupandisha wachimbaji mgodini, na alitusimulia mpaka tukachoka: mtambo hauendi hata inchi moja kabla kengele haijagongwa.

Miaka ikapita, kiharusi kikamnyang'anya maneno. Wakati huo huo zikaletwa mashine za kunyanyulia wagonjwa. Wanaoanza kazi hii leo hawajui raha yao. Sisi tulinyanyua kwa migongo yetu, na kuna nyumba zilifunga wazee kwenye viti kwa shuka wasianguke, jambo ambalo sasa ni kosa na ni haki liwe kosa. Tulipomletea mzee wetu ile mashine, alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, macho yamemtoka, kila siku vita. Mpaka mlezi mmoja msichana akakumbuka. Akachukua kijiko, akagonga chuma: ting, ting, ting. Mzee akaachia mikono. Akaitika kwa kichwa, tumpandishe. Tangu siku ile hakuna aliyemnyanyua bila kengele, na wageni walidhani tumerukwa na akili.

Tulijua la kufanya kwa sababu alitueleza angali na ulimi wake. Mwanzo ndio huo, vijana. Kuanza kutafuta si kumhamisha mama kesho. Ni kwenda naye kuona, akatae, aseme hapa pananuka, hapa wana kiburi, hapa nitakaa nikichoka. Na pengine jibu lisiwe nyumba ya wazee kabisa. Pengine ni mlezi wa kuja mchana, au kituo ambacho wazee wanashinda na kurudi jioni, au chumba kimoja cha nyuma ambamo hahamishwi. Hayo yote yanataka muda, na ugonjwa haukupi muda.

Mkienda, msiende kwa miadi tu. Tokeeni wakati wa chakula. Tazameni miguu ya wazee, maana uso wa mzee huoshwa kwa ajili ya wageni lakini kucha za miguu husema kweli. Tazameni glasi ya maji kama iko mahali mkono unafika. Ulizeni Jumapili nani yuko zamu, na anaongea lugha gani. Harufu ya dawa kali mlangoni isiwadanganye kuwa ni usafi, nuseni hadi vyumba vya ndani. Na nyumbani mpeni mama kazi. Achambue maharage, apike chai, akunje nguo. Akigomba kwamba mnamtumikisha, shukuruni. Kama kuna ndugu mnaopeana zamu, pigianeni simu mseme mlichoona, hata kama kinamwaibisha mtu. Mama msimzungushe, zungukeni ninyi.

Sasa mimi. Miezi ya karibuni nimetia chumvi mara mbili kwenye chungu kimoja. Hilo linaweza kumpata yeyote. Lakini siku moja jina la Sista Nomsa lilinitoka mchana mzima. Nilimwona uso, nilisikia kofi lake mkononi, jina halikuja. Nilijifungia chooni nikalia kwa hofu, kisha nikatoka nikamwambia Neema, Jumamosi tunakwenda kutazama nyumba.

"Eish, Mama. Tutaona."

"Hapana. Tutaona ni Jumamosi."

Neema ni mlinzi kwenye jengo la ofisi, haogopi mtu, lakini siku ile aliendesha kama anayepelekwa polisi. "Watu wa kanisa watasema nimekutupa," alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili changu anakielewa ila ulimi wake ni wa huku.

"Waache waseme. Wewe endesha."

Nyumba ilikuwa nzuri. Glasi zilikuwa karibu, kucha zilikuwa zimekatwa. Metroni, mkuu wa nyumba ile, mama wa makamo, alitukaribisha ofisini kwake, akatoa kalamu, akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nawauliza wageni wangu. "Mama, siku ukishindwa kutueleza, ungependa tujue nini kukuhusu?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani. Chai bila maziwa, kunawishwa mikono, kwaya. Vyote vikanikimbia. Nilimtazama yule mama na midomo ikakataa kufunguka, na nikawaza, imeshaanza, ndiyo hii, nimechelewa mimi niliyewafundisha wengine wasichelewe.

Neema alikuwa akitazama simu yake tangu tuketi. Aliiweka kifudifudi mezani, akaanza kusema kwa Kizulu, polepole, ili nami nifuate.

"Msimtokee kwa nyuma. Mkitaka kumshika, njooni kwa mbele, aone mikono yenu kwanza. Mkimtokea kwa nyuma atapiga kelele, atajificha chini ya meza, na ninyi mtaandika kwamba ni ugonjwa. Si ugonjwa. Ni vita ya kwetu."

Sikuwahi kumwambia. Alikuwa mtoto mdogo tulipotoka Uvira, na miaka yote hii nilidhani nimeficha vizuri. Metroni aliacha kuandika, akanigeukia kuona kama ni kweli. Nikaitika kwa kichwa. Neema akavuta kiti chake karibu na meza, akaendelea.